Dirisha la Kuokoa Maisha

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi, 2001, wanafunzi 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana nondo. Mwezi Aprili, 2008, bweni la Budo Junior, Uganda, liliungua na wasichana kadhaa.

Mtaani Walukuba, Jinja, kama kwingineko, nondo huwekwa kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kila chumba cha kulala hakina budi kuwa na dirisha ambalo nondo zake zina bawaba, zikifunguka kwa ndani pasipo kutafuta ufunguo gizani. Navyo vioo vya ujia wa kutokea vistahimili joto. Kioo cha kawaida hupasuka upesi, moshi ukaziba njia.

Mwizi huchukua mali. Moto huchukua na mwenyewe.