Waliolima Bila Kutajwa: Kumbukumbu ya Utumwa Tabora



Wengi wetu tumefika Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, tukaiona tembe alimokaa Dk. David Livingstone mwaka 1872. Tunaonyeshwa mlango wa nakshi, tunasimuliwa habari za mgeni huyo na mwenzake Henry Stanley. Lakini chakula walichokula kililimwa na nani?

Tusichanganye mambo. Wapagazi wengi waliobeba pembe za ndovu kati ya Ujiji na Bagamoyo walikuwa Wanyamwezi huru, waliolipwa ujira. Watumwa ni wengine: watu waliotekwa au kununuliwa Manyema na pande nyingine za bara. Baadhi yao walifikishwa pwani. Wengine walibakizwa hapa Unyanyembe, wakalima mashamba yaliyolisha misafara. Mabwana wao walikuwa Waarabu, watu wa pwani, na pia watemi na matajiri wetu wenyewe. Jambo hili latuuma, lakini haki haijengwi juu ya nusu ya ukweli.

Wala utumwa haukukoma soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Wajerumani hawakuufuta, mwaka 1904 waliamuru tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Ni mwaka 1922 ndipo Waingereza walipoupiga marufuku Tanganyika kwa sheria. Wajukuu na vitukuu wa watu wale wangali kati yetu, nao husali pamoja nasi.

Mtumwa hakuacha mlango wa nakshi. Huenda aliacha kigae cha chungu, jiwe la kusagia, ushanga, msingi wa kibanda. Wataalamu wa mambo ya kale huvisoma vitu hivyo mahali pale vilipolala. Vikihamishwa, ushuhuda wake hupotea. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda.

Basi tunaziomba Jumuiya zetu Ndogo Ndogo mambo matatu. Jembe likiibua vitu vya kale, tusivichimbue wala kuviuza, bali tutoe taarifa. Tuwasikilize wazee wangali hai, na kuyaandika masimulizi yao kwa ridhaa yao. Tena, katika posa, urithi na ugomvi wa mipaka, asiwepo Mkristo wa kumwambia mwenziwe, "Babu yako alinunuliwa." Aibu ya kununua mtu haimwangukii aliyenunuliwa.

Mungu atujalie ujasiri wa kukumbuka. Amina.