Kisonono na Amani ya Nyumba



Naomba radhi kwa kutaja jambo la siri mbele ya hadhara. Lakini maradhi hayaoni haya.

Kisonono si uchawi wala jua kali. Huletwa na kijidudu alichokigundua daktari Albert Neisser wa Ujerumani mwaka 1879, nacho huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanamume kwa kawaida, baada ya siku chache, hukojoa kwa maumivu na kutokwa na usaha. Mwanamke aghalabu haoni dalili yoyote, huku maradhi yakipanda ndani na kuweza kuziba mirija ya uzazi. Hatimaye huitwa tasa na kurudishwa kwao, ilhali huenda aliyemletea ndiye amwachaye. Na mtoto azaliwaye na mama mgonjwa aweza kupofuka.

Zamani penisilini ilitosha. Lakini mwaka 1976 vilijulikana vijidudu vyenye kuivunja nguvu, na leo hutumika sindano ya seftriaksoni. Kwa hiyo vidonge vya kubahatisha dukani huweza kuficha dalili na kuuacha ugonjwa.

Basi mwenye dalili na aende hospitali, kama ya Port Reitz au ya Likoni, pamoja na mwenziwe. Watibiwe wote wawili, kisha wasikutane kwa siku saba. Kinga ni uaminifu, na kwa asiyeuweza, kondomu.

Wahenga walinena: mficha uchi hazai.