Degedege ya Homa na Kifafa Si Jambo Moja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Leo hatusemi habari za mshahara. Twasema habari za watoto wetu, maana katika nyumba zetu mtoto akitetemeka mara moja tu, majirani husema, "Huyo ana kifafa." Kisha hutengwa na wenziwe, na baadaye hunyimwa shule.

Degedege ya homa humpata mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Mwili hupata moto wa digrii 38 au zaidi, ndipo mtoto hukakamaa, macho hugeuka, viungo hurukaruka. Mara nyingi huisha kabla ya dakika 5. Aweza kushikwa tena akipata homa nyingine, lakini watoto walio wengi hukua salama, wala hawapati kifafa. Kifafa ni kingine: humshika mtu pasipo homa, tena humrudia. Hicho nacho si uchawi, wala hakiambukizi kwa mate. Kina dawa yake, na mwenye kifafa ana haki ya kusoma.

Basi tufanyeje? Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimnyweshe kitu, usimmwagie maji baridi. Sisi watu wa reli tumezoea kuandika saa ya gari kufika na kuondoka. Hapa pia tazama saa. Zikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla ya kupata fahamu, mkimbize hospitali, Thika au Ruiru, usiku au mchana.

Hata akipata nafuu upesi, apelekwe siku ile ile, maana homa ina asili yake. Kwetu hapa malaria ni chache, lakini wengi wetu hupeleka watoto kwa babu zao Nyanza au Pwani, nao hurudi nayo. Mwambie daktari habari za safari hiyo, damu ipimwe. Shingo ikikaza, au mtoto akilala asiamke vizuri, pengine ni ugonjwa wa utando wa ubongo, nao huua.

Daktari atauliza: Alikuwa na homa? Ilichukua dakika ngapi? Ni mwili mzima au upande mmoja? Awezaye kujibu ni yule aliyekuwapo nyumbani. Na kwa kuwa sisi mara nyingi tuko kazini, kila mmoja ayafundishe haya kwake leo, kabla ya zamu ya kesho.