Miraa, Pombe na Mipaka ya Serikali



Tumeombwa tuzungumze juu ya swali lisilokwisha hapa Garissa: je, Serikali iwakataze watu kutafuna miraa na kunywa pombe? Wapo waliokuja wakitaraji tuseme "ndiyo", na wengi wao ni akina mama. Hatuwalaumu. Fedha ya unga inapoishia kwenye kitita cha majani, wanaolala na njaa ni watoto. Mtafunaji mwenyewe hata njaa haisikii.

Hata hivyo, sisi wanasheria hatuna budi kuuliza marufuku hiyo ataitekeleza nani, na kwa uwezo upi. Mkoa huu uliwekwa chini ya hali ya hatari Desemba 1963, na amri hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Watu walipekuliwa na kuwekwa kizuizini pasipo kufikishwa mbele ya hakimu, na sheria ya mwaka 1970 ikawakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda hapa miaka ile ya mwanzo. Yaliyotokea Garissa mwaka 1980 na Wagalla mwaka 1984 mnayajua kuliko sisi. Anayeiambia Serikali leo iingie majumbani kutafuta majani, na akumbuke kwamba iliwahi kuingia.

Marufuku nayo si dawa mpya. Wakoloni walijaribu kuizuia miraa katika wilaya hizi miaka ya 1940, wakashindwa. Mwaka 2006 Mahakama za Kiislamu ziliikataza Kismayu. Wauzaji wakaandamana, damu ikamwagika. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na mara Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo.

Tuseme pia jambo lisilopendeza. Kila mmoja wetu ni mwepesi wa kukataza asichokitumia. Muumini wa kanisa hapa hutaka miraa ifutwe. Jirani yake Mwislamu hutaka baa zifungwe, huku shavu lake limejaa. Wote wawili huiita hiyo haki ya umma.

Katiba ya 2010, ibara ya 24, haisemi kwamba uhuru hauna mpaka. Inasema mpaka uwekwe kwa sheria, uwe na sababu ya haki, na kwanza itafutwe njia isiyobana sana. Sheria ya Vileo ya mwaka 2010 ilifuata njia hiyo: haikumkataza mtu mzima kunywa, bali ilimkataza muuzaji kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na baa zisiuze kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti leseni za vileo na udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hiyo miraa nayo iuzwe kwa leseni, mbali na shule, wala asiuziwe mtoto. Atakayekiuka apelekwe mahakamani mchana, si kuchapwa usiku barabarani.

Juu ya saa za kuuza hatuna kauli ya mwisho. Jani hupoteza nguvu kwa siku mbili hivi, na ndiyo maana magari ya Maua hukimbia vile. Saa inayofaa soko la hapa anaijua muuzaji kuliko wakili. Basi, Bunge la Kaunti litakapoita maoni, mama wa kibanda na aitwe wa kwanza, na mke wa mtafunaji aketi karibu naye.