Dawa Isiyoeleweka ni Nusu ya Dawa

Hotuba kwa watu wa Gesima, Nyamira



Leo sikuja kuwahimiza mwende zahanati, kwa maana kwenda mnakwenda. Nataka tuzungumze juu ya yale yatokeayo mtu anapoondoka pale dirishani pa dawa, mkononi ana bahasha ndogo iliyoandikwa "4 x 2". Je, maana yake nini? Mmoja atasema ni vidonge vinane kwa mara moja, kama hesabu ya shuleni. Mwingine atasema ni viwili, mara nne. Kumbe maana yake ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku. Bahasha ni moja, lakini nyumba tatu zaweza kuisoma kwa njia tatu, na njia iliyo sawa ni moja tu.

Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa milimani. Baridi yetu huchelewesha kukua kwa vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na kwa hiyo hatuugui mara nyingi kama jirani zetu wa kando ya Ziwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo miili yetu haikuzoea kushindana na malaria. Ikizuka baada ya mvua za masika, humwangusha mtu mzima pamoja na mtoto. Wazee wanaikumbuka milipuko ya miaka ya 1990 katika nyanda hizi za Kisii.

Dawa nazo hazidumu zikitumiwa ovyo. Klorokwini, iliyowaponya baba zetu, ilishindwa na vijidudu, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Iliyoifuata nayo ikabadilishwa mwaka 2004, ndipo ikachaguliwa dawa ya mseto. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, pamoja na chakula au maziwa. Siku ya kwanza, dozi ya pili humezwa muda wa saa nane baada ya ile ya kwanza. Sikilizeni vema: ni muda wa saa nane kupita, wala si saa nane mchana. Watoto hupewa kwa kadiri ya uzito wao.

Siku ya pili homa hutulia, na hapo ndipo wengi hukosea. Vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini kumngojea mgonjwa mwingine, au hutumwa mjini kwa ndugu aliyepiga simu kusema kichwa kinamwuma. Basi wagonjwa wawili wamegawana dawa ya mmoja, na huenda yule wa mjini hana malaria kabisa. Si kila homa ni malaria. Sharti damu ipimwe kwanza.

Kwa hiyo nawaomba, kabla hamjaondoka dirishani, ulizeni maswali matatu, kwa Kiswahili au kwa Ekegusii. Naumwa na nini? Nimeze vidonge vingapi, wakati gani, kwa siku ngapi? Nikiona dalili gani nirudi upesi? Kisha mrudieni mhudumu maneno yake kwa kinywa chenu wenyewe, ili kama kuna kosa alisahihishe papo hapo. Na ajapokuwa na haraka, msione haya.

Mgonjwa akishikwa na degedege, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au akipotewa na fahamu, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali mara moja.

Mtu auzaye majani ya chai hakubali kuondoka kituoni kabla hajajua kilo zake zimeandikwa ngapi. Basi tusiwe wepesi wa kuuliza juu ya chai, na wazito wa kuuliza juu ya uhai wa watoto wetu. Kuuliza si ujinga.