Safari ya Bukavu: tupitie njia ambayo kila mtu anaweza
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Uvira

 

Kamati iliniomba niseme juu ya safari ya Bukavu, kwenye Katedrali ya Notre-Dame de la Paix. Kuna walioniuliza: sisi wengine ni Waprotestanti, wengine Waislamu, tunaenda kutafuta nini kwa Wakatoliki? Ulizo ni zuri. Mwenye kutaka Misa atasali. Lakini sisi kama shirika tunaenda kwenye makaburi mawili.

La kwanza ni la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Mnakumbuka mwezi wa kumi 1996, wakati tulikuwa tunatafuta mashua za kuvukia Tanganyika mpaka Kigoma. Yeye alibaki Bukavu. Wakimbizi wa Rwanda walipojaa Kivu tangu 1994, aliwasemea bila kuogopa mtu. Tarehe 29 ya mwezi ule wa kumi wakamuua pale Nyawera, katikati ya mji, na mwili ukalala barabarani mpaka kesho yake.

La pili ni la Emmanuel Kataliko, aliyemfuata. Kwangu mimi huyu njo wetu kabisa. Mwezi wa pili 2000, wakubwa wa RCD walimkataza kukaa Bukavu, wakamrudisha Butembo, kwao. Miezi saba! Tarehe 14 mwezi wa tisa akarudi, watu wakajaa njiani kumpokea. Tarehe 4 mwezi wa kumi alikufa, kule Italia. Siku ishirini tu za kurudi. Sisi tulioshuka Baraka na mashua za HCR tangu 2005, tumepewa nyingi kuliko yeye. Na wengi wetu waliacha wafu wao porini, ama kule Lugufu, fasi ambayo hawatafika tena. Kaburi la kusimamia hawana. Wazee njo walioomba safari hii, si vijana wa kupiga picha.

Sasa njia. Wengine wanasema tupite Rwanda: toka Kamanyola unaingia Bugarama, lami mpaka Kamembe, unashuka Ruzizi, umefika. Kweli ni rahisi. Lakini kuna wamama hapa ambao karatasi yao moja tu ni ile ya kurudia toka kambini, na imeshararuka. Mpakani watabaki. Tutafanya nini, tuwaache Kamanyola watungojee? Mimi nakataa. Tupite Ngomo, ndani ya Kongo, hata kama mgongo utauma. Na kwa sababu ya Ngomo, twende kiangazi. Mvua ikinyesha kule juu, lori moja likikwama, wote mnalala njiani. Hata hivyo mwenye kadi ya uchaguzi aibebe, bariere ni nyingi. Asiye nayo aone karani mapema, tumwombe cheti kwa chifu wa kata yake. Cheti hicho si dawa ya kila bariere, lakini ni bora kuliko mikono mitupu.

Siku ya ukumbusho, 29 mwezi wa kumi, mimi siipendi kwa safari yetu. Watu wengi, hotuba nyingi, na mvua imeshaanza. Tuchague siku ya kazi, mzee apate fasi ya kukaa na kunyamaza. Karani aandike barua kwa padri wa parokia wiki mbili mbele, tusifike kama wageni wa usiku.

Makuta: kasha la mshikamano lisiguswe. Lile ni la wagonjwa na maziko, na mwaka huu tumeshazika. Mwenye uwezo alipe kiti chake na cha mzee mmoja. Na ninyi wafadhili, msitume kitu kwa safari hii, tafadhali. Mlichotuma kwa mashine ya kusaga kibaki cha mashine. Kamati itawaonyesha hesabu yake.

Tutalala usiku mmoja kwa ndugu zetu wa Bukavu, kila mtu na kitenge chake cha kujifunika. Majina yafike kwa karani mbele ya siku ya mungu inayokuja. Wazee waandikwe kwanza, viti ni kidogo.