Dawa za Kuzuia Mapigo ya Moyo Yasiende Mrama Tena

Mazungumzo kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji



Wako miongoni mwetu waliolazwa Maweni, au waliopelekwa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, kwa sababu moyo ulikuwa ukipiga ovyo, mara mbio, mara kwa kukatika. Mapigo yakatulizwa, wakarejea nyumbani na pakiti za vidonge. Vidonge hivyo ndivyo nitakavyovizungumzia, kwani maradhi haya yana tabia ya kurudi, na dawa hupunguza kurudi kwake tu, haziyang'oi.

Chanzo mara nyingi ni shinikizo la damu la muda mrefu, au valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama humo, na bonge la damu likijitenga huweza kufika ubongoni na kuleta kiharusi. Ndiyo maana mgonjwa mmoja huweza kupewa dawa kadhaa: bisoprololi au digoksini ya kupunguza kasi, amiodaroni ya kuyashikilia mapigo katika mwendo wake, na wofarini ya kuzuia damu isigande. Moja haishiki zamu ya nyingine. Wapo wanaoiacha wofarini kwa kuwa moyo umetulia. Utafiti wa AFFIRM, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wagonjwa 4,060 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kuwa viharusi vingi viliwapata walioacha wofarini au ambao kipimo cha damu yao kilikuwa chini ya kiwango, hata katika kundi lililokuwa likipewa dawa za kurekebisha mapigo.

Amiodaroni yataka maneno zaidi. Kidonge chake cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za madini joto, yale yale yanayotiwa katika chumvi ili kuzuia rovu. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Si yote yanayoachiliwa mwilini, lakini yanayoachiliwa yatosha kuivuruga tezi ya shingoni. Kwa hiyo kipimo cha damu unachoitiwa kila baada ya miezi kadhaa usikikwepe. Kikohozi kikavu na pumzi kubana navyo visipuuzwe. Ngozi nayo huungua upesi kwa jua: mama anayeanika dagaa Kibirizi na ajifunike vyema.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote, yaani malaria. Mseto tunaoumeza siku tatu, na kwinini pia, huweza kurefusha muda ambao moyo huhitaji kujiandaa kwa pigo linalofuata. Amiodaroni hufanya vivyo hivyo. Zikikutana, mgonjwa huweza kuzirai, hata kufa ghafla. Undugu wa dawa hizi si wa jana. Mwaka 1914 daktari Mholanzi, Karel Wenckebach, aliandika habari za mfanyabiashara aliyegundua kwamba kwinini ilimtuliza mapigo. Baadaye kwinidini, itokayo katika gome lile lile la msinkona, ikawa dawa ya moyo. Chenye nguvu ya kuyatuliza mapigo kina nguvu ya kuyavuruga.

Wengine hudhani wataiacha amiodaroni kwa siku tatu, wameze mseto, kisha waendelee. Hila hiyo haifui dafu. Amiodaroni hukaa mwilini kwa wiki nyingi, pengine miezi. Aliyeiacha mwezi uliopita bado anayo. Wala sisemi malaria isitibiwe, maana nayo huua. Nenda kituoni upimwe, onyesha pakiti zako zote, nawe useme kwa sauti, "Natumia dawa ya mapigo ya moyo." Mganga ndiye atakayechagua dawa, na pengine ataagiza kipimo cha umeme wa moyo. Katika duka la dawa muhimu, toa pakiti kabla ya kutoa fedha.

Ndugu zetu wa Kalya na vijiji vya kusini mwa ziwa, hesabuni vidonge kabla ya kupanda boti kurudi nyumbani. Vikiisha huko, msiazime vya jirani. Na yeyote atakayepatwa na madhara asiyoyaelewa baada ya kutumia dawa, atoe taarifa kituoni au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, akiwa na pakiti yenye jina la dawa na namba ya toleo.